Mwongozo kamili wa kujenga mazingira bora ya kazi chuo kikuu, kuanzia idarani

Vyuo vikuu vingi vikiamua kushughulikia ustawi wa wafanyakazi huanza na bonanza: siku moja ya michezo, fulana mpya, mtaalamu wa saikolojia anayezungumza kwa saa mbili kuhusu msongo wa mawazo, kisha kila mtu anarudi kwenye rundo lake la karatasi za mitihani. Sina ugomvi na bonanza. Lakini mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 nchini Uingereza. Alilinganisha waliohudhuria mafunzo ya kudhibiti msongo, ya ustahimilivu, ya kutuliza akili na mengine ya aina hiyo na wenzao wasiohudhuria. Karibu katika kila huduma, waliohudhuria hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao. Kazi za kujitolea ndizo pekee zilizoonyesha dalili ya kusaidia.

Kinachowachosha watu chuoni kimo ndani ya kazi yenyewe: nani anapewa nini, nani anaonekana, nani anaambiwa na lini. Mwongozo huu unaanzia hapo. Nimeuelekeza zaidi kwa mkuu wa idara kwa sababu ndiye anayeweza kuanza Jumatatu bila kusubiri kikao cha seneti, ila ofisi ya rasilimali watu na chama cha wafanyakazi wanaweza kuutumia vilevile.

Kwanza, jua unachokitafuta

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kikazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuhisi kwamba unachofanya hakina tija. Chuoni dalili ya pili ndiyo hujificha zaidi. Mhadhiri anafundisha, anasahihisha, anahudhuria vikao, lakini amekwisha kuondoka kimoyomoyo. Anasoma maandishi ya miaka minne iliyopita na hajali tena kama darasa limeelewa.

Mwanasaikolojia Christina Maslach, aliyetumia miaka mingi kuchunguza hali hii, pamoja na Michael Leiter walitaja maeneo sita ambako mtu na kazi yake huachana: mzigo wa kazi, uwezo wa kujiamulia, malipo na kutambuliwa, ushirikiano na wenzako, haki, na maadili. Kwa jinsi ninavyoona mimi, chuoni haki ndiyo huumiza kuliko yote. Watu hubeba mzigo mzito kwa muda mrefu wakiamini kwamba umegawanywa sawa. Siku wanapogundua haukugawanywa sawa, hata mzigo mdogo huwashinda.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kusambaza dodoso

Dodoso hukupa majibu ya maswali uliyojua kuuliza tu. Anza na mazungumzo ya watu wanne hadi sita, kwa saa moja, mkuu wa idara asiwepo. Tenganisha ngazi: wahadhiri wasaidizi peke yao, maprofesa peke yao, waendeshaji (makarani, makatibu na watumishi wengine wa ofisi) peke yao. Mhadhiri msaidizi hawezi kusema kwamba anasahihisha mitihani isiyo yake wakati mwenye mitihani hiyo ameketi mbele yake, tena ndiye anayesimamia tasnifu yake ya uzamivu. Mwongoza mazungumzo atoke idara nyingine, na asiandike majina.

Maswali manne yanatosha. Wiki gani ya mwaka unaiogopa? Kazi gani unaifanya ambayo hakuna anayejua unaifanya? Mara ya mwisho ulipopata tatizo kazini ulimwendea nani, na kwa nini huyo? Jambo gani dogo likibadilika kesho litakuondolea mzigo? Swali la tatu lichukulie kwa uzito wa pekee. Majina yatakayorudi mara nyingi hayatakuwa ya wenye vyeo. Yatakuwa ya katibu muhtasi, au ya fundi wa maabara aliyekaa miaka mingi. Hao tayari wanafanya kazi ya ustawi, na hakuna aliyewapa muda wa kuifanya.

Walinzi na wasafishaji nao waketi kwenye mazungumzo haya, hata kama mwajiri wao ni kampuni ya nje. Wao ndio humkuta mwanafunzi analia ngazini saa 4 usiku.

Baada ya hapo, andaa dodoso fupi lisilozidi maswali 15. Ukitaka mfano wa kuanzia, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza (HSE) hutumia maeneo sita: mahitaji ya kazi, uhuru wa kuamua, msaada, mahusiano, uwazi wa majukumu, na namna mabadiliko yanavyoendeshwa. Usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 10. Katika idara yenye profesa mmoja tu mwanamke, "mwanamke, profesa" ni jina kamili.

Rudi kwa watu ndani ya wiki nne. Waambie mambo matatu mtakayoyafanya na moja ambalo halitafanyika, pamoja na sababu yake. Ukikaa kimya, dodoso la mwakani watalijaza kwa kuzungushia namba 3 kila mahali.

Hatua ya 2: Andikeni jedwali la mzigo wa kazi

Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Chukua kozi mbili. Kila moja ina saa 3 za mihadhara kwa wiki, kwa wiki 15, yaani saa 45. Kwenye ratiba zinafanana kabisa. Ya kwanza ina wanafunzi 30, ya pili ina 180. Kila mwanafunzi ana kazi mbili za muhula zinazosahihishwa kwa dakika 15 kila moja, na karatasi ya mtihani ya dakika 20. Jumla ni dakika 50 kwa kila mwanafunzi. Kozi ya kwanza inadai saa 25 za kusahihisha, ya pili saa 150. Tofauti ni saa 125, zaidi ya wiki tatu nzima za kazi. Hawa wawili ukiwaita "wenye kozi moja moja", umemwibia mmoja wao wiki tatu za utafiti, na kamati ya kupandisha vyeo itakuja kumuuliza yeye machapisho yako wapi.

Jedwali hujengwa hivi. Kwanza pateni jumla ya saa za mwaka. Mkiondoa likizo na sikukuu, mwaka hubaki na wiki kama 44. Kwa saa 40 kwa wiki ni saa 1,760. Hicho ndicho kibaba chenu. Kikijaa, kinachoongezwa humwagika.

Pili, kubalianeni thamani ya kila kazi kwa saa. Mnaweza kuanza na namba hizi kisha mzibishanie: maandalizi ya kozi mpya, saa 4 kwa kila saa ya mhadhara; kozi mliyokwisha kuifundisha, saa moja na nusu; usimamizi wa tasnifu ya uzamili, saa 40 kwa mwaka kwa mwanafunzi; uzamivu, saa 60. Wekeni pia kamati, mashauri ya wanafunzi, usimamizi wa mitihani, na kutembelea wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Mabishano haya yafanyike kabla ya jina la mtu yeyote kuingia kwenye jedwali. Majina yakitangulia, kila mmoja atapigania safu yake.

Tatu, saa za utafiti ziingizwe mwanzoni. Zikisubiri kubaki, hazitabaki.

Nne, jedwali lionekane kwa idara nzima. Hapa ndipo wakuu wengi hurudi nyuma kwa kuogopa malalamiko. Malalamiko yatakuja, ndiyo, na mengi yatakuwa ya kweli. Mtu aliyepunguziwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au msiba, safu yake iandikwe "nafuu iliyokubaliwa" bila maelezo zaidi. Wekeni na mpaka: asiwepo mtu anayezidi wastani kwa zaidi ya asilimia 10 bila ahadi ya maandishi ya kupunguziwa mwaka unaofuata.

Kwa waendeshaji, msipime kwa mwaka. Mzigo wao huja kwa mawimbi: usajili, mitihani, matokeo, mahafali. Chora kalenda ya wiki kwa wiki, uone nani anazama lini, halafu panga mapema ofisi ipi itaazima mtu kwa ofisi ipi. Karani wa matokeo asiyelala wiki ya kutoa alama hasaidiwi na siku ya mapumziko miezi miwili baadaye.

Jedwali likionyesha kwamba kazi imezidi watu, kitu kiondoke. Kazi tatu za muhula ziwe mbili. Kozi mbili zenye wanafunzi wachache ziunganishwe. Kamati isiyotoa uamuzi wowote kwa mwaka mzima ivunjwe. Kisha mpelekee mkuu wa kitivo jedwali hilohilo, kwa sababu hutapata hoja nzito zaidi ya kuombea ajira mpya. Ambatanisha na hili: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa iliyoziba, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Hatua ya 3: Kazi ndogondogo zigawanywe kwa zamu

Kuandika kumbukumbu za kikao. Kumpokea mtahini wa nje. Kupanga hafla ya kumuaga anayestaafu. Kumsikiliza mwanafunzi aliyefiwa. Kazi hizi hazimpandishi mtu cheo, na mkuu anapouliza "nani atatusaidia?", mikono ni ileile kila mara. Mchumi Linda Babcock na wenzake waliyachunguza haya nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2017: katika makundi yenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea zaidi kufanya kazi za namna hiyo, na walipotakiwa kuchagua mtu wa kumwomba, wanaume na wanawake wote waliwaendea wanawake zaidi.

Basi acha kuuliza nani atajitolea. Andika orodha ya kazi hizo, andika majina yote ya idara kwa mpangilio wa alfabeti, zungusha. Profesa aliyefundisha miaka 30 naye ataandika kumbukumbu zamu yake ikifika. Kazi isiyoweza kuzungushwa, kama ushauri kwa wanafunzi ambao huja kwa mtu wanayemwamini, ipewe saa zake kwenye jedwali.

Hatua ya 4: Linda muda

Nilipokuwa naongoza idara nilikuwa na tabia ya kujibu barua pepe saa 5 usiku ili asubuhi yangu iwe nyepesi. Sikutarajia majibu. Siku moja mwenzangu wa ofisini aliniambia kwamba huiweka simu kando ya mto, kwa sababu hajui ni ipi kati ya barua zangu inayomhitaji usiku huohuo. Nilisikitika sana. Tangu siku ile naandika usiku nikipenda, lakini barua naipanga itoke saa 2 asubuhi.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja. Barua pepe na ujumbe wa kundi la WhatsApp la idara haudai jibu baada ya saa 12 jioni wala wikendi. Jambo la dharura hupigiwa simu, na mkubaliane dharura ni ipi. Vikao visiwekwe wiki za kusahihisha. Siku moja ya wiki isiwe na kikao kabisa. Makataa ya kuwasilisha alama yahesabiwe kwa ukubwa wa darasa. Mwenye karatasi 180 apewe siku zaidi ya mwenye 30. Likizo ya mwaka ichukuliwe, na mtu akiwa likizo awepo wa kumshikia nafasi anayejulikana kwa jina.

Hatua ya 5: Jenga kikao ambacho mtu anaweza kusema kweli

Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali miaka ya 1990, alikuta jambo lililomshangaza: timu zenye uongozi bora na mahusiano mazuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo zilikuwa huru zaidi kuyasema makosa yao. Idara isiyo na malalamiko hata moja iangaliwe kwa wasiwasi.

Ngazi za vyeo chuoni hufunga midomo. Mkuu wa idara azungumze mwisho. Aliye mdogo kwa cheo aulizwe kwanza, na aulizwe jambo mahususi: "Umesimamia semina za kozi hii, wanafunzi wanakwama wapi?" Mtu akileta kosa lake, kama alama zilizoingizwa vibaya, neno la kwanza liwe shukrani kwa kulisema mapema, halafu mtafute pamoja utaratibu ulivuja wapi. Ukimkaripia mmoja mbele ya wenzake, umewafundisha wote kuficha. Nawe mkuu ukikosea, sema mbele ya kikao: "Nilikosea kuhusu ratiba ile, nitairekebisha kufikia Ijumaa." Kisha irekebishe Ijumaa.

Hatua ya 6: Watu wajue wanaposimama

Hakuna mbio za asubuhi zitakazompunguzia wasiwasi mtu asiyejua kama mkataba wake utaendelea mwezi ujao. Mwenye mkataba wa muda aambiwe uamuzi angalau miezi mitatu kabla haujaisha, kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana. Vigezo vya kupanda cheo viwekwe wazi, ombi lipewe tarehe ya kujibiwa, na anayekataliwa apewe sababu anazoweza kuzifanyia kazi pamoja na njia ya rufaa. Haya si matakwa mapya. Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, yanayogusa usalama wa ajira, tathmini ya haki na uhuru wa kitaaluma.

Hatua ya 7: Unyanyasaji uwe na mlango wa kuushtaki

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na unawagusa hata walio mafunzoni kazini na wanaojitolea. Hata pale ambapo nchi haijauridhia, ni kipimo kizuri cha kupimia sera yenu.

Udhaifu wa vyuo vingi ni kuwa na mlango mmoja tu wa malalamiko, nao unapita kwa mkuu wa idara. Akilalamikiwa yeye? Wekeni milango isiyopungua mitatu, mmoja wake nje ya kitivo. Mwanafunzi wa uzamivu awe na haki ya kubadilisha msimamizi bila kuanza upya wala kupoteza ufadhili kwa sababu hiyo pekee. Aliyelalamika apewe tarehe za kila hatua, na asihamishwe yeye "kwa usalama wake" huku anayelalamikiwa akibaki ofisini. Na yule profesa mwenye jina kubwa na fedha nyingi za utafiti achunguzwe kwa utaratibu uleule anaochunguzwa nao fundi. Watumishi wote huitazama kesi ya namna hiyo, na wanachokiona hapo ndicho watakachokiamini kuhusu chuo.

Hatua ya 8: Mtu anapozidiwa

Utaona mabadiliko kabla hajakwambia. Aliyekuwa mcheshi amenyamaza, aliyekuwa makini amepoteza karatasi, aliyekuwa anawahi anakosa vipindi. Mwendee faraghani, usimwite kwa barua. Sema ulichokiona bila kumpa jina la ugonjwa: "Mwalimu, umekosa vikao viwili na si kawaida yako. Unaendeleaje?" Halafu nyamaza. Ukimya unaofuata ni mgumu. Usiujaze kwa ushauri.

Akisema mambo yanayokutia hofu, kwamba amechoka kuishi au kwamba watu wangepumzika asipokuwepo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasisitiza hivyo. Akikubali, usimwache peke yake. Baki naye hadi awe na mtaalamu wa afya au na ndugu anayemwamini yeye mwenyewe, na usimwahidi kwamba utaitunza siri hiyo peke yako.

Katika hali zisizo za hatari, kazi yako ni kupunguza mzigo na kuonyesha njia ya msaada; matibabu waachie wataalamu. Ondoa kazi mbili kwenye safu yake wiki hiyohiyo. Mpe mawasiliano ya mshauri nasaha ambaye haripoti kwa uongozi, maana mtumishi hatakwenda mahali ambapo bosi wake atapata habari. Mkubaliane wenzake wataambiwa nini. "Yuko likizo hadi tarehe fulani" inatosha.

Kurudi kwake kupangwe kwa awamu, kwa mfano nusu ya mzigo kwa wiki mbili, robo tatu kwa wiki mbili nyingine, mkutane kila Ijumaa kwa robo saa. Nimeona mtu akirudi na kukuta barua pepe zote za miezi miwili zikimsubiri pamoja na karatasi ambazo hakuna aliyezisahihisha. Alidumu siku tisa.

Hatua ya 9: Pima, kisha kabidhi

Usipime kwa idadi ya waliohudhuria semina. Tazama siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa, tofauti kati ya safu ya juu na ya chini kwenye jedwali la mzigo, muda wa kushughulikia lalamiko, na walioacha kazi kabla mkataba haujaisha. Anayeondoka aulizwe sababu, na anayemuuliza awe mtu asiye bosi wake. Rudia dodoso baada ya mwaka kwa maswali yaleyale, hata kama umepata mengine mazuri zaidi, ili majibu yalingane.

Wakuu wa idara hubadilika, na mengi ya haya hupotea siku ya makabidhiano. Weka faili moja lenye jedwali, thamani za saa mlizokubaliana, orodha ya zamu, makubaliano ya muda, na ahadi zote ambazo hazijatimizwa. Mkuu anayeondoka na anayeingia walipitie pamoja kwa saa mbili. Ahadi ya kwanza kushughulikiwa iwe ya yule aliyebeba ziada mwaka uliopita, na apunguziwe mzigo kabla ratiba ya muhula mpya haijatoka.